Nafasi za utafiti zenye ufadhili katika uboreshaji wa kihisabati na udhibiti wa mifumo changamano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa waliomaliza, au wanaokaribia kumaliza, shahada ya hisabati, uhandisi, fizikia au sayansi ya kompyuta, na wanataka kuendelea na utafiti bila kuuza shamba la mzee. Maswali ni yale yale ninayoulizwa kila msimu wa maombi. Majibu hayalingani urefu: mengine yanahitaji maelezo, mengine yanaisha kwa "hapana".

Uboreshaji wa kihisabati ni kitu gani hasa?

Kama ulisoma hisabati hadi kidato cha nne, Tanzania au Kenya, umeshakutana nao. Mkulima ana ekari kadhaa na fedha kadhaa. Apande mahindi kiasi gani na maharage kiasi gani ili apate faida kubwa kuliko zote? Ukachora mistari kwenye karatasi ya grafu, ukatia kivuli upande usiotakiwa, ukajaribu pembe moja baada ya nyingine. Vitu vitatu vya swali lile havibadiliki hata ukifika uzamivu: uamuzi (ekari ngapi), lengo (faida) na vikwazo (ardhi na fedha). Kinachobadilika ni ukubwa. Mkulima wa mtihani ana namba mbili za kutafuta, gridi ya umeme ina mamilioni, na karatasi ya grafu haitoshi.

Mwaka 1938, mjini Leningrad, Leonid Kantorovich alifikishiwa swali na kiwanda cha mbao za plywood: mashine zigawiwe vipi kazi ili uzalishaji uwe mkubwa iwezekanavyo? Mwaka 1947 George Dantzig, akifanya kazi kwa Jeshi la Anga la Marekani, akabuni mbinu ya simpleksi, ambayo hutembea kutoka pembe hadi pembe kama ulivyofanya wewe darasani, ila kwa akili zaidi. Hapo ndipo maswali ya aina hii yalipopata jina "programu za mstari", ambalo huwachanganya wengi: "programu" ya Dantzig haikuwa ya kompyuta, ilikuwa ratiba ya jeshi ya mafunzo na ugavi. Mwaka 1972 Victor Klee na George Minty wakatunga swali la kukusudia ambalo simpleksi hulazimika kulipitia pembe zote, na mwaka 1984 Narendra Karmarkar akaonyesha njia ya haraka inayopita katikati ya umbo badala ya kuzunguka kingo zake. Kantorovich alipata Nobel ya uchumi mwaka 1975 pamoja na Tjalling Koopmans. Dantzig hakupewa, na watu wa fani hii bado wanalisema hilo wakikaa chai.

Na udhibiti? Si kitu kile kile?

Ni ndugu. Mkulima wa kidato cha nne anaamua mara moja akaenda kulala. Mdhibiti anaamua, anatazama kilichotokea, anaamua tena. Kile kifaa cha James Watt cha mwaka 1788, cha kutuliza mwendo wa injini ya mvuke, ndicho mfano wa kale: injini ikikimbia, mipira miwili inayozunguka huachana na kupanda, ikauziba mvuke, ikipunguza mwendo, mipira hushuka na mvuke hufunguka. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell aliandika hisabati ya kwa nini baadhi ya vifaa hivyo hutulia na vingine hupandisha na kushusha mwendo bila kukoma. Swali hilo la utulivu bado ndilo moyo wa fani. Miaka ya 1950 Lev Pontryagin huko Moscow na Richard Bellman huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, waliuunganisha udhibiti na uboreshaji, na mwaka 1960 Rudolf Kalman akatoa kichujio, yaani hesabu ya kukadiria ukweli kutoka vipimo vyenye makosa, kilichokuja kutumika kukadiria mahali na mwendo wa vyombo vya Apollo.

"Mfumo changamano" ni jina la kupendezesha maombi ya fedha?

Mara nyingine ndiyo, nikiri. Lakini lina maana yake: mfumo ambao huwezi kuuelewa kwa kuchunguza sehemu moja moja, kwa sababu sehemu zinajibizana.

Simama kituo cha basi. Umesubiri dakika ishirini na tano, kisha mabasi matatu yanafika kwa mkupuo, la kwanza limejaa hadi mlangoni na la tatu ni tupu. Si lazima dereva awe mzembe. Basi lililochelewa kidogo linakuta abiria wengi zaidi, likiwapakia linachelewa zaidi, na la nyuma yake linakuta abiria wachache, linakimbia, linalifikia. Hali ya mabasi kuachana sawasawa haina utulivu, na Gordon Newell na Renfrey Potts walilionyesha hilo kihisabati mwaka 1964. Dawa ni kulishikilia basi la nyuma kituoni dakika moja au mbili hata kama limeshapakia. Waliomo ndani watapiga kelele, na wana haki, kwa sababu wao wanacheleweshwa ili walio vituo vya mbele wasichelewe. Umshikilie nani, kwa muda gani, ukiwa na GPS isiyoaminika na foleni usiyoijua? Hapo kuna tasnifu nzima.

Mfano wa pili ni wa Dietrich Braess, Mjerumani, wa mwaka 1968. Magari 4,000 yanakwenda mjini kwa njia mbili. Kila njia ina kipande chembamba, ambacho muda wake ni idadi ya magari gawanya kwa 100, na kipande kipana kinachochukua dakika 45 daima. Kwenye njia moja chembamba kiko mwanzoni, kwenye nyingine kiko mwishoni. Madereva wanajigawa nusu kwa nusu: dakika 20 na 45, jumla 65. Sasa serikali inajenga daraja la kuunganisha njia hizo katikati, la kuvuka bila kupoteza muda. Kila dereva anaona afadhali apite chembamba, avuke, apite chembamba tena. Wote 4,000 wanafanya hivyo: dakika 40 na 40, jumla 80. Barabara imeongezwa, watu wamechelewa robo saa zaidi, na hakuna dereva hata mmoja atakayepata nafuu kwa kubadili njia peke yake. Rudia hesabu hiyo kwa kalamu kabla ya kuendelea.

Nipe mfano wa swali la utafiti la kwetu.

Mto Rufiji. Maji ya Ruaha Mkuu yanapita kwanza Mtera (megawati 80), kisha Kidatu (megawati 204), kisha yanaingia Rufiji na kufika bwawa la Julius Nyerere lenye mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Tone lile lile linaweza kuzalisha umeme mara tatu.

Anza na dogo: kila saa, mashine zipi ziwake? Tisa, kila moja imewaka au imezimwa, kwa saa 24: chaguo hizo ni namba yenye tarakimu 66. Mtu wa uboreshaji anatazama na kusema: mashine hizi zinafanana, sihitaji kujua ipi, nahitaji kujua ngapi. Basi kila saa kuna chaguo kumi tu, sifuri hadi tisa, na namba inashuka hadi tarakimu 25. Bado hakuna kompyuta ya kuzijaribu moja moja, lakini umetupa tarakimu 41 kwa kufikiri tu.

Sasa kubwa: maji yapitishwe leo au yawekwe? Ukiyatumia na mvua zikakosekana, mgao. Ukiyaweka na mvua zikazidi, utayamwaga bure, na walio chini ya mto watajua. Maji hayana bei sokoni, ila yana thamani: gharama utakayoiepuka baadaye kwa kuwa nayo. Njia ya Bellman ni kuihesabu thamani hiyo kwa kila kiwango cha bwawa, ukianzia mwisho wa msimu kurudi nyuma. Gawa kina cha bwawa moja katika viwango 100, una hali 100. Mabwawa matatu, hali 1,000,000. Ongeza la nne, hali 100,000,000. Bellman mwenyewe aliiita laana ya vipimo.

Walioipunguza makali laana hiyo kwa mabwawa hawakuwa Wazungu wa Ulaya. Mario Pereira na Leontina Pinto, nchini Brazil, walichapisha mwaka 1991 mbinu ya kutojaza jedwali zima: wanabahatisha misimu ya mvua, wanatembea nayo mbele, wakirudi nyuma wanaiegemeza mistari iliyonyooka chini ya mkunjo wa thamani, hadi mistari hiyo inaukaribia mkunjo wenyewe. Brazil, nchi ya mabwawa mengi kuliko yetu, huendesha mipango ya umeme wake kwa ukoo huo wa mbinu. Rufiji ina la ziada: delta yenye mikoko na kamba, na wakulima wanaotegemea mafuriko ya wastani. Ukiweka megawati peke yake kwenye lengo, hao hawamo kwenye hesabu. Kuwaingiza kama kikwazo au kama sehemu ya lengo si mapambo, hubadilisha jibu.

Fedha zinatoka wapi?

Ulaya, sehemu kubwa haiji kwako moja kwa moja. Profesa anashinda ruzuku, kisha anatangaza nafasi. Ruzuku ya Baraza la Utafiti la Ulaya kwa mtafiti anayeanza kujitegemea hufika euro milioni 1.5 kwa miaka mitano. Ndani yake kuna mishahara ya wanafunzi wa uzamivu. Kuna mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, iliyo wazi kwa uraia wowote, yenye sharti moja la kukumbuka: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Sharti hilo humsaidia mtu anayeomba akiwa Mwanza au Eldoret kuliko aliyekwisha kwenda huko. Nafasi hutangazwa kwenye tovuti ya EURAXESS. Ufaransa, kampuni ya umeme ya EDF na wakfu wa hisabati wa Jacques Hadamard wanaendesha pamoja mpango wa PGMO, mahsusi kwa uboreshaji. Ujerumani kuna Taasisi ya Max Planck ya Magdeburg, iliyoanzishwa 1996, ambayo jina lake kamili linataja mienendo ya mifumo changamano ya kiufundi.

Huku kwetu: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa Tanzania, Mfuko wa Taifa wa Utafiti kwa Kenya, DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi) kwa masomo ndani ya kanda. Kwa wanawake wa nchi zinazoendelea kuna OWSD, jumuiya ya wanawake wanasayansi yenye makao Trieste, Italia, inayofadhili uzamivu katika nchi nyingine ya Kusini. Waombaji wachache mno wanaitazama.

Kwa nini mtu wa mbali anilipe mimi?

Kwa sababu kuna uamuzi wa fedha nyingi unaofanywa vibaya, na yeye anahitaji mikono. Hilo ndilo jambo waombaji wengi hawalioni. Wanaandika "napenda hisabati tangu utotoni". Msomaji wa maombi anatafuta kitu kimoja: je, mtu huyu anaweza kuniambia nani anaamua nini, kwa lengo gani, na kinachomzuia ni nini? Anayeweza kulisema hilo kwa sentensi mbili anasomwa hadi mwisho.

Je, nitakuwa mwanafunzi au mwajiriwa?

Uholanzi, mwajiriwa wa chuo, kwa kawaida miaka minne. Ujerumani, mara nyingi mwajiriwa kwa ngazi ya mshahara iitwayo E13, lakini kwa asilimia fulani ya muda. Uliza ni asilimia ngapi kabla ya kushangilia. Uingereza mara nyingi ni posho na unabaki mwanafunzi, na nafasi za wageni ndani ya fungu la serikali zina ukomo. Marekani utafundisha au utasaidia utafiti, ukilipiwa ada. Uliza pia mkataba unaisha lini na ruzuku inaisha lini. Tarehe hizo mbili huwa hazifanani.

Sina uzamili. Nifanyeje?

AIMS (Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati) ya Kigali ina uzamili wa mwaka mmoja wa sayansi za hisabati, kwa ufadhili. ICTP ya Trieste, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964, ina diploma ya mwaka mmoja, hisabati ikiwemo, kwa watu wa nchi zinazoendelea, bila ada. Zote mbili ni ngazi nzuri, hasa kama chuo chako hakikufundisha uchanganuzi wa kihisabati (real analysis).

Nimwandikieje profesa?

Kwetu mtu mkubwa haanzwi na shida. Unamwamkia, unauliza hali ya nyumbani, ndipo unafika kwenye neno lako. Barua pepe kwa profesa wa Delft au Toulouse ni kinyume, na sijui mtu aliyezaliwa pwani anayeona raha kuiandika. Salamu moja, kisha ndani. Taja makala yake moja uliyoisoma kweli, swali moja ulilobaki nalo, ulichokwisha kufanya, nafasi unayoiulizia. Sentensi nane hadi kumi. Usimwite "mheshimiwa sana". Usitume barua moja kwa watu arobaini. Wanajuana, na wakati mwingine huoneshana.

Niandike mada gani? Nilifikiria udhibiti bora wa malaria.

Hapa nitawaudhi baadhi ya walimu wangu. Tasnifu nyingi za hisabati ninazoziona ukanda wetu zina sura ile ile: gawa watu katika makundi ya wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa na waliopona; ongeza dawa na vyandarua kama vidhibiti; tumia kanuni ya Pontryagin ya kutafuta udhibiti bora; toa grafu inayoonyesha kwamba ukitumia vidhibiti vyote kwa pamoja ugonjwa hupungua. Nani alitegemea vinginevyo? Lengo ni jumla ya miraba ambayo hakuna mhasibu wa wizara anayeitambua, na kipimo cha gharama kimechaguliwa ili hesabu itoke vizuri.

Malaria si mada mbaya. Ila rudi kwenye swali la nani anaamua. Mganga mkuu wa wilaya haamui "u1 kwa wakati t". Anaamua vyandarua hivi vilivyofika viende vijiji vipi kabla ya masika, akiwa na gari moja na takwimu za miezi miwili iliyopita. Liandike hilo. Hisabati itakuwa ngumu zaidi, namba zitakuwa nzima badala ya mikunjo laini, na msomaji ataamka.

Natakiwa kujua kuandika programu za kompyuta?

Ndiyo, na huna udhuru wa gharama. Programu za kutatua maswali ya uboreshaji, HiGHS, iliyotokea Edinburgh, na SCIP ya Berlin, zote ni za bure na wazi. Ukiwa na Python au lugha ya Julia yenye maktaba ya JuMP, swali la mashine tisa unaliandika kwa mistari isiyozidi hamsini kwenye laptopu ya mtumba. Kwa udhibiti kuna CasADi na IPOPT. Gurobi ni ya biashara lakini hutoa leseni ya bure kwa wanafunzi na walimu wa vyuo. Upande wa nadharia: aljebra ya mstari isiyo ya kukariri, kalkulasi ya vigezo vingi, probabiliti, na maumbo mbinuko (convex).

Umri? Lugha?

Mitandao ya Marie Curie haina ukomo wa umri; haitaki tu uwe tayari na shahada ya uzamivu. Tasnifu kwa Kiingereza inakubalika sehemu nyingi za Ujerumani, Uholanzi na hata Ufaransa. Dukani ni habari nyingine.

Fedha za jeshi?

Zipo. Ofisi ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani imefadhili uboreshaji na udhibiti tangu enzi, na utafiti mwingi unaochapishwa wazi umelipiwa nayo. Wengine wanachukua, wengine wanakataa. Ushauri wangu ni kusoma jina la mfadhili chini ya tangazo kabla ya kuomba, maana ni vigumu kukataa ukiwa umeshapata viza.

Akili unde haijaimaliza fani hii?

Imeilisha. Kuufunza mtandao wa neva ni swali la uboreshaji, na mbinu inayotumika ni mjukuu wa makala ya Herbert Robbins na Sutton Monro ya mwaka 1951. Kumfunza roboti kwa tuzo na adhabu ni mlinganyo wa Bellman. Lakini gridi haikubali "kwa kawaida hufanya kazi". Masafa ya umeme lazima yabaki karibu na hertzi 50 kila sekunde, na anayeweza kuthibitisha kwamba kidhibiti hakitavuka mpaka anatafutwa sana kwa sasa.

Nimeambiwa nilipe ili nafasi yangu ihifadhiwe.

Hapana. Vyuo vya Marekani hutoza ada ya maombi, na vingi hukusamehe ukiomba. Zaidi ya hapo, anayekuajiri hakuombi pesa.

Naweza kufanya utafiti huu nikiwa nyumbani?

Unaweza, Arusha kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dar es Salaam, Nairobi, Makerere. Hisabati haihitaji maabara. Kinachokwamisha ni takwimu: viwango vya bwawa kwa saa, safari za mabasi, mzigo wa umeme wa kila kituo. Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Tanzania, anza barua za kuomba takwimu mwaka mmoja kabla, peleka mwenyewe kwa mkono, na uwe na namba ya simu ya karani wa masjala. Mimi barua yangu ya kwanza ilipotea katika ofisi moja kwa miezi saba. Ya pili, niliyoipeleka siku ambayo karani yule alikuwa zamu, ilijibiwa baada ya siku tisa. Wakati unasubiri, tunga takwimu za kubuni zenye sura ya kweli na useme wazi kwamba ni za kubuni. Mbinu ikifanya kazi kwa hizo, wenye takwimu halisi huanza kukusikiliza.

Nimekataliwa mara sita.

Chukua maombi yote sita, yaweke mezani, na katika kila moja pigia mstari sentensi inayosema nani anaamua nini. Aliyeniuliza hili mara ya mwisho alikuwa na mstari mmoja tu, kwenye ombi la nne, ukurasa wa pili, ndani ya mabano.